Plaizi ya Kubania Vichwa vya Waya

"Fundi, unachagua plaizi au mchumba?"

Muuza duka wa Darajani alinicheka, maana nilikuwa nshabana vichwa vya waya saba, vile vya shaba vinavyovishwa nchani, juu ya meza yake na kuvivuta vyote, na vitatu vikachomoka. Nikamjibu kwamba mchumba akikukosea unamwacha. Hakuelewa, wala sikumweleza.

Plaizi nilizozikataa zilikuwa na mipini mizuri, zinang'ara. Upuuzi mtupu! Plaizi ya kubania waya unaitazama mdomo: tundu lake lilingane na unene wa waya, na ikishaanza kubana isiachie mpaka imalize, hata kama mkono wako umechoka. Mkono wangu mimi siuamini tena.

Sababu yake ni Ramadhani moja, Jang'ombe. Bibi mmoja mjane, aliyekuwa akiuza barafu na juisi za kufuturia, aliniita nimfungie waya mpya wa friza lake. Plaizi ya kubania sikuwa nayo, nilikuwa na hii ya kawaida ya kukatia. Magharibi inakaribia, koo limenikauka, nikavibinya vichwa vya waya kwa hiyo hiyo na kufunika swichi. Kuvivuta nione kama vimeshika, sikuvivuta.

"Mwanangu, kama bado, nenda kafuturu, utamaliza kesho," akanambia.

"Nshamaliza, Bi."

Akanipakulia tambi katika bakuli jeupe lenye maua ya buluu, nikafuturu nazo kwangu.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nyumba ikaungua naye amelala ndani. Watu wakasema ni shoti, kadari ya Mungu. Nikalibeba jeneza, nami nikasema hivyo hivyo. Astaghafirullah, nilisema hivyo hivyo!

Bakuli likabaki kwangu. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, na mwenyewe wa kumrudishia hayupo tena. Kila nikifungua kabati naliona, na harufu ya plastiki iliyoungua inanijia. Mke wangu keshachoka kunambia hakuna kilichoungua.

Niliyekuwa namwogopa zaidi ni binti wa yule bibi. Anajenga Chukwani na hataki fundi mwingine. "Wewe ndiye fundi wa mama," anasema kila tukionana, na kila akisema natamani ardhi inimeze. Mwezi uliopita akaniita nikamfungie umeme. Nikanunua plaizi ile ya Darajani, nikalijaza bakuli tende, nikaenda.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananitazama. Nabana, navuta. Nabana, navuta.

"Mbona unavuta kila mmoja?"

"Ukichomoka sasa, naufunga tena. Ukilegea ndani ya ukuta, unapata moto mpaka unaunguza."

Halafu akauliza, taratibu tu, "Na ule wa mama uliuvuta?"

Ningeweza kusema naam. Neno lilikuwa tayari mdomoni, kama lile la siku ile.

"Sikuuvuta, dada yangu. Na nilimwambia nshamaliza."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliinuka, akaliona bakuli kando ya mkoba wangu, akalishika kwa mikono miwili, akalijua. Akazimimina tende zote juu ya vifaa vyangu, akaondoka nalo tupu.