Joto la Ukutani

Wiki iliyopita, huko Msalato, mama mmoja aliyeniita kukagua nyaya za nyumba yake aligusa sanduku la swichi kuu akacheka. "Kumbe lina joto, fundi!" Nilizima umeme wote kabla sijamjibu.

Nilikuwa nimekumbuka alasiri moja ya kipupwe utotoni, nyumbani kwa bibi, Ihumwa. Upepo ulipenya chini ya mlango. Maharage yalichemka kwenye jiko la umeme, ambalo baba mdogo alikuwa ameliunganisha kwa waya mwembamba wa taa. Sasa najua waya ule ulibebeshwa mzigo usio wake. Siku ile nilichojua ni kwamba sanduku la swichi la ukutani lilikuwa na joto na lilivuma kama nyuki, nikadhani umeme umetuhurumia.

"Bibi, njoo uote hapa."

Akaweka viganja vyake vilivyopasuka kwa baridi. "Wee mjukuu wangu, umeniletea jua ndani!"

Nikajaa fahari. Iliponuka plastiki, nilidhani maharage yameungua, nikakimbilia jikoni. Nyuma yangu bibi akapiga ukelele.

Alipona majeraha ya moto, lakini vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjuka tena. Hakuwahi kunilaumu. Nami sikuwahi kumwambia mtu kwamba ni mimi niliyemwita.

Hesabu za mzigo wa nyaya nilijifunza mwenyewe, na kila nyumba nazirudia mara tatu. Nikimaliza, nawasha majiko, pasi, kila kitu, kisha naweka kiganja juu ya sanduku, kimya.

"Fundi, unasali?" hunitania wenye nyumba.

Ndiyo. Naomba pawe baridi.