Kumfuata Barasa Darasani Bungoma

Nilitumwa Bungoma kwa sababu ya mtu mmoja, Barasa, mhasibu wa ushirika wetu wa maziwa kule Endebess. Meneja wetu wa zamani alikuwa anastaafu na Barasa ndiye aliyeonekana kufaa nafasi yake. Lakini tangu aanze kwenda Bungoma kila Jumamosi kusomea shahada ya pili ya usimamizi wa biashara, maneno yake yalibadilika. Sisi wakulima tukawa "wadau". Kituo chetu cha juu mlimani, ambako akina mama huteremsha maziwa kwa punda, akakiita "eneo lisilojimudu". Halafu gari jeupe la kampuni moja ya maziwa likaonekana limeegeshwa karibu na ofisi yetu, na baada ya muda likaonekana tena.

Mzee Ndiema, mwenyekiti wetu, alimuuliza mbele ya kamati huko anafundishwa nini hasa.

"Si mje muone wenyewe," Barasa akajibu. "Mwalimu wetu hakatazi wageni."

Alikubali upesi mno. Nimefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, na mtoto anayefungua mkoba wake kabla hujamwambia ndiye niliyekuwa namtazama mara mbili. Kamati ikanichagua mimi niende.

Ijumaa mchana niliondoka nyumbani kwangu Matisi, mjini Kitale. Jirani yangu alikuwa anapeleka miche ya kabeji Bungoma kwa pikapu, akanipa nafasi mbele. Tulipita Kiminini, mahindi yakiwa yametoa ndevu pande zote mbili za barabara, kisha Kamukuywa. Jirani alitaka kujua safari yangu ni ya nini, nikamweleza.

"Sasa mtu wa digrii mbili anatafuta nini kwa maziwa ya Endebess, bana?" akauliza.

 Swali lile nililitafuna mpaka tukapita Webuye, tukaingia mashamba ya miwa, ambako trekta zilikuwa zimedondosha mabua njia nzima.

Jioni, Bungoma, nilipokewa na binamu yangu Nanjala, karani wa serikali. Alichinja kuku, akasonga ugali wa wimbi, akanisikiliza.

"Ati anasomea kusimamia watu?" akacheka kidogo. "Dada, hata ofisini kwetu alikuja mkubwa na hiyo digrii. Siku ya kwanza alitusalimia vizuri sana. Baadaye akaanza kutuita rasilimali. Ukisikia umeitwa rasilimali, anza kutafuta kazi ingine."

Nilikwenda kulala nikiwa nimeshamhukumu Barasa nusu.

Jumamosi asubuhi nilipanda ngazi hadi darasani, chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kinachonuka rangi. Nilitarajia kukuta vijana. Nikakuta watu wazima: wafanyakazi wa benki, walimu wakuu, muuguzi mmoja, simu zao za mkononi zimewekwa mezani zionekane. Karibu na Barasa alikaa mtu niliyemjua uso. Ni yule niliyewahi kumwona akishuka kwenye gari jeupe.

"Mwalimu, huyu ni Simon," Barasa akasema. "Tuko kikundi kimoja."

Simon alinishika mkono kwa mikono miwili. "Karibu sana, Mwalimu. Nimesikia mengi juu yenu."

Mengi gani, nikajiuliza, na kutoka kwa nani.

Mhadhiri aliingia akatangaza kwamba leo kuna kesi. Mimi nikafikiria mahakama. Kumbe kesi yao ni habari ya biashara iliyo taabani. Wanafunzi hupewa waichambue kana kwamba wao ndio wenye kuamua. Ya siku hiyo ilihusu ushirika wa maziwa chini ya mlima. Jina lilikuwa limebadilishwa, lakini mengine yote yalikuwa yetu: mtambo wa kupoza unaozimika stima ikipotea, barabara ya juu isiyopitika wakati wa mvua. Barasa ndiye aliyeipeleka.

Darasa liligawanywa. Upande mmoja utetee kuiuzia kampuni ushirika ule, mwingine upinge. Kikundi cha Barasa kilipangiwa kuuza. Alisimama, akaeleza kwa sauti tulivu kwa nini kituo cha juu kifungwe kwanza. Alisema vizuri mno. Nilimtazama nikiwa najua tayari nitamwambia nini Mzee Ndiema.

Saa ya chakula nilichukua mkoba wangu niende zangu. Barasa alinikuta kwenye ngazi.

"Mwalimu, usiende. Mchana tunabadilishana upande."

"Utabadilishaje upande kama ulisema unachoamini?"

"Sikusema ninachoamini. Nilisema nilichopangiwa."

"Basi hilo ndilo linanitisha zaidi," nikamwambia.

Nilibaki ili nisipeleke ripoti nusu.

Mchana alisimama Simon kututetea. Alisema akina mama wa mlimani hawafuati bei peke yake. Wanafuata ushirika kwa sababu mtoto akiugua wanakopeshwa siku hiyo hiyo. Alisema maziwa ya kiangazi hutoka juu, kwa kuwa nyasi za huko hazikauki mapema. Akasema wanachama hawa hawawezi kuvunjwa umoja wao mkutanoni, labda wakifuatwa nyumba kwa nyumba. Darasa likapiga makofi.  Maneno yale yalikuwa yamesemwa ndani ya kamati yetu, mlango ukiwa umefungwa.

Nilimvuta Barasa nje, kwenye baraza.

"Simon ameyajulia wapi hayo?"

"Tuliandaa pamoja, Mwalimu. Ni kazi ya darasa. Hata ile gari, alikuwa anakuja kwa sababu ya kesi."

"Na Jumatatu Simon anaamkia kazi gani?"

 Aligeuka kumtazama Simon, aliyekuwa ndani akicheka na wenzake.

"Nilimwona kama mwanafunzi mwenzangu tu," akasema polepole.

Ama hakujua, ama alijua kuigiza kutojua. Kutwa nzima nilikuwa nimemwona akiigiza.

Jumapili alirudi nasi kwenye pikapu ya jirani, amebanwa kati yangu na dereva. Tulikuwa tumekaribia Kiminini.

"Wataanzia juu," akasema.

"Akina nani?"

"Kampuni. Nilipokuwa napanga hoja za kuuza, hapo ndipo nilipoanzia. Wawalipe akina mama wa mlimani kila wiki, halafu wangoje sisi wa chini tukaukiwe kiangazi."

"Umejuaje?"

"Ndiyo ninayosomea, Mwalimu."

Kamati ilipokutana Endebess, Barasa aliomba kusema kabla yangu. Alieleza maneno yote ya kamati aliyoyatoa nje, na alimpa nani. Watu walinung'unika. Mmoja alitaka afukuzwe hapo hapo.

Mzee Ndiema akanigeukia. "Tulikutuma. Hawa wanafundishwa nini?"

"Wanafundishwa kufikiri kama mtu anayetaka kukununua," nikasema. "Ni elimu ya maana. Lakini ukitoka darasani umfikirie nani, hilo hawafundishwi. Hilo mtu huja nalo kutoka kwao."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishoni tulimpa umeneja, kwa sharti kwamba asitupeleke tena darasani, na kwamba apande mlimani mara moja pamoja na Mzee Ndiema na mimi. Niliinua mkono kumpigia kura, ingawa si kwa moyo wote.

Tulipofika kituo cha juu tulikuta vikombe bado havijaoshwa. Simon alikuwa ametoka tu. Mama Chebet, anayepokea maziwa pale, alisema mgeni alikuwa mtu mpole, na alimuulizia mtoto wake mgonjwa kwa jina.

Barasa alikaa chini kwenye nyasi. 

"Ameahidi nini?" akauliza.

"Malipo kila wiki. Na ninyi?"

Barasa akamjibu bila kupamba. Hayo hatuwezi, haya tunaweza, akasema, na kituo hakitafungwa mimi nikiwa hapa. Mama Chebet alisema yeye na wenzake watafikiri.

Wengi walibaki nasi. Wachache walikwenda na kampuni, na baadhi yao hawajarudi hadi leo. Barasa alimaliza masomo yake na anatuongoza vizuri, nami bado namtazama. Siku hizi kijana akija kuomba kazi kwetu, wenzangu wa kamati humuuliza alisomea nini. Mimi humuuliza alisoma na nani.