Udi wa Alhamisi

Mimi nalala na mashine. Nasema mapema ili tusisumbuane huko mbele. Nina ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini: nikishalala koo linajifunga, pumzi inasimama, nashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo, kisha nalala tena, na mchezo unaendelea hivyo mpaka alfajiri bila mwenyewe kujua kitu. Aliyekuwa mume wangu alijua. Alihamia chumba cha pili kwa sababu ya mkoromo, baadaye akahamia nyumba ya pili, na huko sababu ilikuwa nyingine. Daktari mmoja wa Kilifi ndiye aliyeniandikia mashine, kisanduku cha umeme kinachosukuma hewa kupitia mpira mrefu hadi kwenye barakoa ninayoivaa puani, na hewa hiyo ndiyo inayoliweka koo wazi. Ndani yake kuna kijitangi cha maji, ili hewa isiikaushe pua.

Mama yangu, ambaye niliishi naye hapa Malindi katika nyumba aliyotuachia baba, aliipenda mashine ile kuliko nilivyoipenda mimi. Aliiita mkwe wake. Asubuhi nikimwamkia shikamoo hujibu marahaba, halafu papo hapo, "Na mkwe wangu je, hajambo? Huyo ndiye mume. Hana maneno mengi na halali nje." Alikuwa akinicheka, lakini najua siku za nyuma alikuwa akisimama mlangoni kwangu akisikiliza pumzi yangu ikikatika, na mashine ilipokuja ndipo naye akaanza kulala.

Mama alikuwa na shughuli yake moja kila wiki, na shughuli hiyo haikuwa na mjadala. Kila Alhamisi akishasali alasiri hutia makaa kwenye chetezo, kile chetezo cha udongo alichorithi kwa mama yake, akavunja kipande cha udi na kuongeza ubani kidogo, kisha akaizunguka nyumba nzima akifukiza. Anaanza mlangoni, anapita ukumbini, chumba chake, chumba changu. Buibui lake, shali ya kusalia, mapazia, mito. Mto wangu pia. Wanawake wa mtaani walikuwa wakija saa hiyo hiyo, wanakaa ukumbini na kahawa na halua, na wakiondoka nguo zao zinanukia vizuri hadi Jumamosi. Miguu yake ilikuwa imechoka, sokoni haendi tena, kupika nimemzuia. Udi ndiyo kazi iliyombakia, na aliifanya vizuri.

Miezi ya baridi ya mwaka jana nikapata mafua. Hilo si ajabu, nafundisha watoto wa darasa la pili mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, na mtoto wa darasa la pili akikosa kitambaa cha kujifutia kamasi hutumia sketi ya mwalimu. Lakini mafua ya mtu wa mashine si mafua ya watu wengine. Wewe ukizibwa pua unafungua mdomo, basi. Mimi nikifungua mdomo hewa yote inatokea huko huko, koo linakauka, na barakoa inapiga filimbi mashavuni. Nikikohoa ndani yake, uso mzima unarowa. Nikiivua nipumzike kidogo, pumzi inakatika kama zamani, na kesho yake naamka na kichwa kizito, nasinzia nimesimama ubaoni na chaki mkononi huku watoto wananitazama.

Mafua yaligoma kuondoka. Yakashuka kifuani, makohozi yakageuka rangi, yakipungua siku mbili yanarudi upya. Nikawa mtu wa kununa. Tangu zamani hasira zangu ziko karibu, sasa zikawa mdomoni kabisa.

Alhamisi moja nilirudi kutoka shule sijiwezi. Nikapita ukumbini, mama na wageni wake wamekaa, nikatoa salamu nusu nikaingia chumbani kujilaza. Nikavaa barakoa, nikaweka kichwa kwenye mto, na mto umefukizwa sasa hivi. Harufu yote ikaingia na hewa ya mashine. Nilikohoa mpaka nikaona nyota. Nikaivua barakoa nikaitupa kitandani, nikatoka vile vile kichwa wazi mpaka ukumbini, nikasimama mbele ya wanawake wale wote.

"Mama, moshi wako utaniua," nikasema. "Kila wiki, kila wiki, moshi tu. Hujiulizi kwa nini siponi?"

Mwanamke mmoja alirudisha kikombe chake chini polepole. Mama alinitazama usoni, si kwa hasira, alinitazama kama anatafuta mahali ninapoumwa. Kisha akainuka kwa kushikilia ukuta, akakichukua chetezo akaenda nacho uani, na nikamsikia akiyamwagia makaa maji. Aliporudi akawaambia wageni wake, "Mwanangu ni mgonjwa, tumwache apumzike." Wakaondoka mmoja mmoja. Nilirudi kulala, na wallahi nililala nikijiona nina haki.

Alhamisi iliyofuata hakuchoma. Wala ile ya baada yake. Wageni walikuja mara moja wakakaa kidogo, mazungumzo hayakushika, wakaacha kuja. Mama akawa anakaa peke yake ukumbini kila Alhamisi jioni, kavaa vizuri kama anayengoja watu. Nikamwona, nikapita.

Na kikohozi hakikwenda popote. Udi umekatazwa, mito imefuliwa, mapazia yameanikwa, mimi bado nakohoa. Mwisho nikaenda Kilifi kwa daktari wangu. Akanisikiliza kifua, akaniambia njoo tena na mashine yenyewe. Nikaitia kikapuni, nikaifunika na leso, nikarudi nayo.

Akakifungua kile kijitangi cha maji mbele yangu. Chini kulikuwa na utelezi wa kijani, na kingo zote zimeganda chumvi. Maji ya bomba letu ya chumvi, kila mtu anajua. Akachomoa na chujio la hewa, kile kitambaa kidogo cha nyuma. Kilipaswa kuwa cheupe.

"Unaweka maji gani?" akaniuliza.

"Ya bomba."

"Unayamwaga kila asubuhi?"

Nilikuwa naongezea tu juu ya yale yale. Nilielezwa siku ya kwanza, tena nikaelezwa vizuri: maji yaliyochemshwa au ya kununua, mwaga kila siku, osha barakoa na sabuni, badilisha chujio. Miezi ya mwanzo nilifanya, baadaye nikaona ni udhia. Mimi huyu, ambaye kila Jumatatu nawapanga watoto mstari niwakague kucha, na mwenye kucha chafu namrudisha bombani.

Daktari alisema mafua nimeyatoa shuleni kama kila mwalimu, lakini uchafu ule huenda ndio ulionifanya nisipone, kwa kuwa kila nikilala nauvuta upya. Akanipa dawa. Akanibadilishia barakoa, akanipa kubwa inayofunika pua na mdomo pamoja, ya kuvaa pua inapoziba. Akanifundisha kusafisha pua na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kulala nimeinua kichwa na kifua kwa mito. Nilipomaliza kusikiliza nikamuuliza juu ya udi. Nilitaka sana aseme ndio.

Akasema, "Moshi wowote si mzuri kwa kifua kibovu. Usifukize chumba unacholala. Lakini ugonjwa wako haukuletwa na udi wa mara moja kwa wiki."

Mwenye akili angeibeba sentensi yote mpaka nyumbani. Mimi nilibeba ule mwanzo. Moshi si mzuri, daktari mwenyewe kasema. Nilipofika nikamwambia mama nimepewa dawa na barakoa mpya, na sikumwambia habari ya kile kijitangi. Nilikiosha uani yeye akiwa anasali.

Nikapona. Haikuchukua hata muda mrefu, na hilo ndilo lililonikera, kwamba ilikuwa rahisi vile. Naamka mwepesi, nafundisha mpaka kengele ya mwisho. Mama akafurahi mno. Siku moja nimekaa chumbani na chai yangu, dirisha wazi, nikamsikia kibarazani anazungumza na mwanamke mmoja wa wale wa Alhamisi, aliyekuja kumuuliza kwa nini ameacha.

"Nilikaribia kumuua mtoto wangu na udi wangu," mama akasema. "Mzima nimemzaa, nimemlea, halafu nimuue na moshi? Tangu nimeacha, tazama, kapona. Sijui Mungu atanisamehe vipi."

Mimi nilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono dirishani nimguse bega. Nikanywa chai. Nilijiambia yuko na mgeni, si vizuri kumkatiza, nitamwambia wakiwa wameachana. Walipoachana nikajiambia amechoka. Ukweli ni kwamba niliona haya. Niliona haya kumwambia mama yangu kwamba nilimwaibisha mbele ya watu kwa uchafu wa mikono yangu mwenyewe, na kadiri siku zilivyopita jambo lenyewe likazidi kuwa zito kutamka.

Mara moja nilijaribu, kama mwizi anavyorudisha kitu. Macho yangu yako kwenye simu, nikasema, "Mama, siku hizi ukitaka kuchoma choma tu, ukumbini huko hainidhuru."

"Sitaki," akasema. "Pumzi yako wewe ndiyo udi wangu."

Hapo ndipo pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, mtoto wa darasa langu angepaona. Nikasema haya basi, nikaendelea na simu.

Niliona pia kwamba chetezo hakipo kwenye shubaka lake la ukumbini. Mahali pake palibaki duara la weusi ukutani. Sikuuliza kimekwenda wapi. Niliogopa nitajibiwa.

Mwaka huu, siku za joto, mama alijilaza baada ya adhuhuri na hakuamka. Presha, walisema. Mimi ninayelala na mashine, mpira na barakoa, naamka kila siku. Yeye aliyelala na kanga tu ndiye hakuamka.

Wanawake walijaa nyumba kabla ya jua kushuka, wote wale wa Alhamisi na wengine. Waosha maiti walipoanza kuitayarisha sanda, mkubwa wao akaniita. Kwetu sanda hufukizwa udi kabla maiti hajavishwa. Akaniambia makaa yameshawashwa, udi amekuja nao, niwaletee chetezo cha mama.

Nikasimama pale. "Sijui kiko wapi," nikasema.

"Hujui kilipo chetezo cha mamako?"

Wale waliokuwepo siku ile ya kelele zangu walitazama chini. Hakuna aliyenisuta, na afadhali wangenisuta. Nikatoka uani, nikaanza kuwauliza watu ovyo, hata wasiohusika: nani amekiona chetezo cha mama, jamani, nani anajua kiko wapi.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa amekaa kwenye jamvi na waombolezaji. Ni mama wa kutoka bara, Mkristo, anauza mboga. Aliposikia ninavyouliza akainuka, akaenda kwake, akarudi na kitu kilichofungwa ndani ya leso ya mama, ile ya zambarau niliyodhani imepotea. Akaifungua. Chetezo kilikuwa kimepanguswa jivu lote, kisafi.

"Alikileta kwangu mwaka jana," akaniambia. "Alisema kwangu hakuchomwi udi, kwa hiyo moshi hautaruka ukuta ukudhuru. Nikamwuliza nikirudishe lini. Akasema nisikirudishe kwake. Nikae nacho mpaka wewe mwenyewe uje kukiuliza."

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikawapelekea waosha maiti, wakatia makaa.