Swichi Niliyowaficha Watu wa Songambele

Bado ninalikasirikia tukio hili, na kadiri ninavyolichambua ndivyo mkosaji anavyobaki mmoja, yaani mimi. Nilikuwa Songambele, ambako wanakijiji waliniita mwalimu, nikitafiti magonjwa ya migomba kwa ajili ya shahada ya pili. Gari nililoazimwa lilifungwa swichi ya siri chini ya kiti cha dereva, kwa kuwahofia wezi. Bila kuibonyeza, injini haiwaki. Niliapa kwamba hakuna mwanakijiji atakayeijua.

Asubuhi moja mwenyeji wangu, Mzee Petro, aliniomba nimpeleke mkwewe, Anisia, hospitali ya Nyakahanga, maana uchungu ulikuwa umemshika. Alipoketi nyuma, majirani wakalizunguka gari kutusindikiza, na katika kijiji hicho hakuna anayerudi nyumbani kabla msafiri hajaondoka.

Ningeibonyezaje mbele ya macho yote yale? Nikafungua boneti, nikagusa plagi, nikatikisa nyaya za betri.

“Rudini nyumbani, gari limeharibika,” nikasema kwa ukali.

“Tukuache peke yako na gari bovu, mwanangu?” Mzee Petro akajibu. “Hiyo si heshima. Tutasukuma.”

Nikarudi kwenye usukani, wakasukuma huku wengine wakinichungulia madirishani, mpaka mteremko ukaisha. Nami, kwa ufedhuli ambao sijausamehe, nikawalaumu kwamba hawana nguvu. Wanaume wawili wakaenda kuleta machela.

Ndipo Anisia, jasho likimtiririka, akainama akanigusa bega.

“Samahani, mwalimu,” akasema. “Leo hujabonyeza kale kadude ka chini ya kiti. Kijiji kizima tunakajua.”