Ngamia Watatu na Mchungaji Wao

Awale alikuwa mtu wa kusema "naona" hata mahali hapana cha kuonwa. Kinsi, mkewe, aliijua tabia hiyo tangu mwanzo wa ndoa, usiku ule walipokuwa na lori kati ya Merti na Biliqo.

Lori ndilo lilikuwa maisha yake. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza aliyeachwa Isiolo baada ya vita, baba yake akanunua lori, na Awale akalirithi pamoja na ubishi wote wa ukoo. Alibeba unga, sukari na mbuzi, na safari ile akambeba bibi harusi pia.

Gurudumu likapasuka. Na barabara ya huko, kama huijui, ni alama za magari kwenye mchanga, kila alama na njia yake. Awale alikuwa akifuata nyota. Jioni, zile nyota tatu zilizojipanga mstari huchomoza mashariki, naye huzipa mgongo. Basi mbele ni magharibi, mbele ni Biliqo. Wakalizungusha lori huku na huku kutafuta udongo mgumu wa kuweka jeki, wakafunga gurudumu jingine, wakajilaza kidogo. Alipoamka alfajiri ikikaribia, akaziona nyota zake tatu ziko chini vilevile kama jioni. Akageuza lori, akazipa mgongo, akakanyaga mafuta.

"Tunarudi Merti," Kinsi akasema.

"Merti gani? Nyota si hizo nyuma yetu?"

"Ziko nyuma, lakini sasa zinatua. Kwetu tunaziita ngamia watatu. Ile nyota kubwa nyeupe ni mchungaji wao, na mchungaji hutembea nyuma ya ngamia. Wakipanda angani, yeye yuko chini yao. Wakishuka, yuko juu yao. Hebu simama utazame."

Awale akasimama, akatoa kichwa dirishani. Mchungaji alikuwa juu. Dereva mzima akacheka mpaka akakohoa.

"Wallahi, kumbe nimeoa dira!"

Tangu hapo ukawa mchezo wao. Akiwa nyumbani Bulapesa, baada ya swala ya isha Kinsi hutandika mkeka uani na kumuuliza, "Mchungaji yuko wapi?" Naye hujibu chini, au juu. Hawakuwa watu wa kuambiana nakupenda. Walikuwa na hilo swali, na liliwatosha.

Miaka ikaenda. Awale akauza lori, akasema amechoka na vumbi. Kinsi akaamini. Mpaka jioni moja ya mwezi wa nane, akikunja nguo uani, akauliza kwa mazoea tu, "Baba Fathia, mchungaji yuko wapi?"

"Yuko chini yao. Leo anang'aa kweli!"

Kinsi akainua kichwa. Mwezi wa nane ngamia hawatoki mpaka karibu na alfajiri. Mbingu ilijaa nyota nyingine, lakini ngamia hawakuwepo hata mmoja. Akaingia jikoni, akalia juu ya sufuria ya chai. Masikini mzee wa watu! Macho yalikuwa yamekwisha, naye alikuwa akijibu kwa kukariri ili mke asiingiwe na hofu. Kinsi hakumwambia kitu. Akaendelea kuuliza kila jioni, kwa sababu akiacha, mumewe atajua kwamba amejulikana.

Fathia, binti yao, ndiye aliyegundua ni mtoto wa jicho, na baada ya mabishano ya karibu mwaka mzima akamburuta kwa daktari. Upasuaji ukaanza na jicho moja. Awale akarudi na miwani myeusi, mkono begani kwa mkewe kama kawaida, akimwambia kila jirani, "Naona! Naona vizuri sana!" Daktari naye alisema kazi imekwenda salama. Lakini "naona" ya Awale, nani angeiamini? Kama upasuaji ulishindikana, mtu huyu angeficha mpaka kaburini, na Kinsi angezeeka kando ya mume aliye gizani peke yake.

Ilikuwa mwezi wa nane tena. Baada ya isha akatandika mkeka, akamvua miwani kwa mkono wake.

"Mchungaji yuko wapi?"

Awale akainua uso. Akatazama mashariki, akageuka magharibi, akarudi tena. Kinsi alikuwa ameushika upindo wa shela yake, anausokota.

"Hayuko," Awale akasema.

"Hayuko vipi?"

"Hayuko, mama! Na ngamia siwaoni. Pale kusini kuna nyota nyekundu, na nyingine zimejikunja kando yake kama ndoano. Wewe unanipima?" Kisha akamgeukia. "Ngoja. Mwaka jana, majira kama haya, nilikujibu nini?"

"Ulisema yuko chini, anang'aa."

"Na ukaninyamazia."

"Nikakunyamazia."

"Siku zote hizo uko nyuma yangu, unanichunga."

Machozi yakamtoka Kinsi. Awale akanyoosha mkono kumfuta. Mkono ukaenda moja kwa moja mpaka shavuni, bila kupapasa.