Sentensi Yangu ya Upendeleo

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu aliandika ubaoni neno "upendeleo" akatuambia kila mmoja alitungie sentensi. Sikuhitaji kufikiri. Wivu ulikuwa umenifika kooni.

Nyumbani kwetu Ujiji alikuwapo msichana wa rika langu, aliyevushwa ziwa na majirani zake kutoka Kongo vita ilipopamba moto. Alikuwa amepotezana na mama yake njiani. Mama huyo na mama yangu waliuziana dagaa miaka mingi. Watu walishauri msichana apelekwe kambini, mama akakataa katakata: mwenzake akivuka, mlango pekee anaoujua huku ni wetu. Basi akafichwa kwetu, tukimwita mtoto wa shangazi.

Kila mgebuka, samaki wa ziwa letu, ulipopikwa, kichwa kilikuwa cha baba, kipande cha katikati cha mgeni, mkia wangu. Ndiyo desturi yetu. Lakini huyu alikaa miezi, na mama hakuchoka kumhesabu mgeni. Msichana mwenyewe aliumega mnofu wake na kunisogezea. "Kamata na weye," alikuwa akiniambia. Nilikamata, nikala, nikaendelea kununa. Nilikuwa mtoto wa hovyo kabisa.

Niliandika: "Mama yangu ana upendeleo kwa sababu humpa mkimbizi tuliyemficha kipande kikubwa kuliko changu." Mwalimu alinisimamisha niisome kwa sauti. Akaniwekea alama ya vema, darasa likanipigia makofi.

Siku ya tatu mwenyekiti wa mtaa alikuja na askari wawili. Walisema habari wameipata kwa watoto wa shule. Mama alinitazama mara moja tu, kisha akaanza kuwasihi wamwache mtoto hadi mama yake apatikane. Wakamjibu kwamba sheria ni ya wote: mkimbizi hukaa kambini. Msichana alifunga nguo zake ndani ya kanga, akamuaga mama, akaja kuniaga na mimi. Hakujua kwamba habari ilitoka kwangu.

Vema ile sikuistahili. Upendeleo ni kumpa mtu zaidi ya haki yake, na yule hakuwa na mama wala kwao. Alichonizidi ni mnofu, na nusu yake nilikula mimi.

Jioni mama alipakua samaki. Kipande cha katikati akakiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mwanangu," alisema. "Leo sina upendeleo."