Mzee Polepole na Lita Mia Moja Sabini

Hakuwa na elimu zaidi ya darasa la tano. Hakuwa na simu ya kumwonyesha njia, wala koti la mvua lisilovuja, wala pikipiki mpya. Hakuwa na leseni ya gari. Kiingereza chake kilitosha kwa salamu na namba za nyumba. Na kubwa kuliko yote, wenzake wanasema huku wakicheka, hakuwa na haraka.

Ni saa mbili kasorobo asubuhi. Léonard Nahimana, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, amepiga magoti katika ua wa ghala moja la Mobeni, eneo la viwanda kusini mwa jiji la Durban. Anapima upepo wa magurudumu ya pikipiki yake. Anafuta mnyororo kwa kitambaa, anautia oili tone kwa tone, kisha anazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja. Linazunguka bila kukwaruza. Anatabasamu.

"Gurudumu likipungua upepo, ni kama unaendesha kwenye matope siku ya jua," anasema. "Injini inachoka, na ikichoka inakunywa."

Kazi yake ni kupeleka nywele za bandia na mafuta ya nywele kwenye saluni za Point na Overport, nyingi zikiwa za Wakongo na Warundi wenzake. Kwa siku huzunguka kilomita themanini hivi. Kwa wiki hulipwa randi elfu moja na mia nne, nazo ndizo zinazolipia chumba chao Point na kumweka binti yake, Annick, shuleni.

Ghala ni la Mama Estella, mfanyabiashara aliyetoka Bukavu miaka kumi na tano iliyopita. Wiki tano zilizopita, mama huyo aliwaita waendesha pikipiki wake watatu akawaambia habari iliyowakata maini.

"Hizi moto zinakunywa esanse kama ng'ombe," aliwaambia kwa Kiswahili cha Bukavu, moto zikiwa pikipiki na esanse petroli. "Mwezi uliopita lita mia moja themanini na nane! Iko mtu wa Overport anataka kuzinunua zote tatu. Nimekwisha kumwandikia barua ya kukubali. Nitanunua gari moja, dereva mmoja, basi."

Léonard hakuwa na leseni ya gari, na kwa umri wake hakuona nani mwingine angempa kazi. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, utupe mwezi mmoja. Tukitumia lita mia moja sabini au pungufu, moto zibaki. Zikizidi hata kidogo, tunakukabidhi funguo."

Mama Estella alifungua daftari lake la petroli. Alijua kwamba pikipiki ya Léonard ndiyo iliyokunywa kidogo kuliko zote. Mnunuzi alikuwa amempa wiki sita za kubadili nia, mradi amwandikie barua yenye mhuri. Alikubali.

Aliyekataa kwamba Léonard ana ujuzi wowote ni Jules, kijana wa Kikongo anayejulikana kwa kupita magari kushoto na kulia. "Papa Léonard, wewe moto yako ndiyo nzuri, ni hiyo tu," alisema. "Mimi nikiipanda hiyo yako, nitakuonyesha. Wewe unaendesha kama umebeba mayai!"

"Na wewe unaendesha kama umeyaiba," Léonard akamjibu. Ua mzima ukacheka.

Ndipo ulipozaliwa mpango wa kubadilishana. Asubuhi ya Jumatano, fundi wa ghala, Honoré, alizijaza pikipiki zote mbili hadi petroli ikaonekana shingoni mwa tangi. Jules akapanda ya Léonard, Léonard akapanda ya Jules. Njia ilikuwa moja, saluni zilezile, mizigo yenye uzito sawa.

Jules alitoka getini kwa mngurumo. Léonard alipandisha gia mapema, akaacha injini iongee kwa sauti ya chini. Alipoiona robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, imewaka nyekundu kwa mbali, aliachia mafuta palepale, pikipiki ikajivuta yenyewe bila breki. Mara nyingi alifika taa ikigeuka kijani, na Jules yupo palepale, mguu chini, akisubiri.

"Kila robot nilimwacha, na kila robot nikamwona tena nyuma yangu," Jules anakumbuka. "Eish, nilidhani ni mchawi."

Walipomaliza mizunguko miwili, Jules alikuwa ametangulia kwa dakika tisa. Honoré akazijaza tena pikipiki kwa chupa ya kupimia. Ya Léonard, iliyoendeshwa na Jules, ilimeza lita mbili na nukta saba. Ile ya Jules, iliyodaiwa kuwa mbovu, lita moja na nukta tisa tu.

Jules aliitazama chupa, akaizunguka pikipiki yake kama anayetafuta tundu. Kisha akavua kofia. "Sharp, Papa, sawa. Moto haisemi uongo. Nifundishe."

Léonard hakumcheka, kwa sababu naye aliwahi kukosea, tena vibaya zaidi. Alipokuwa akibeba abiria Bujumbura, yeye na wenzake walizima injini kila waliposhuka kutoka milimani, ili petroli idumu. Alikuja na desturi hiyo Durban. Siku moja, miaka sita iliyopita, aliteremka kutoka Berea kuelekea Point injini ikiwa imezimwa, na sanduku limejaa nywele.

Taa ikawa nyekundu. Bila injini ya kuizuia, pikipiki ilizidi kwenda. Breki zilikwisha pata joto na kulegea, na akaenda kusimama kwenye bampa la teksi. Hakuumia, lakini sanduku lilifunguka, nywele ndefu, fupi, nyeusi na nyekundu zikatapakaa barabarani.

"Abiria walishuka kunisaidia kuokota," anasimulia, akijifuta machozi ya kicheko. "Mama mmoja akaniuliza, 'Baba, umewanyoa watu wangapi leo?'"

Mama Estella alimpa onyo la maandishi. Lakini somo alipewa na Honoré. "Hii si moto ya zamani," fundi huyo alimwambia. "Ukiachia gesi hii ya mkononi ukiwa ndani ya gia, yenyewe inafunga esanse, na injini inakushikia mwendo. Sasa unazima ya nini?" Tangu siku hiyo Léonard hajazima injini mteremkoni, na maneno hayohayo ndiyo aliyompa Jules.

Kwa mwezi mzima aliwafundisha wenzake wawili. Walipima upepo kila Jumatatu. Waliacha kungurumisha injini wakiwa wamesimama. Jules alipata shida zaidi. Mkono wake wa kulia, Léonard anasema, ulikuwa na mawazo yake wenyewe. Wiki ya tatu mvua ilinyesha siku nne, foleni zikawa ndefu, na Honoré akaanza kutikisa kichwa kila alipojaza matangi.

Jioni ya siku ya mwisho, Honoré alisoma jumla mbele ya wote: lita mia moja sitini na sita.

"Rudia," Mama Estella alisema. Akarudia. Jules alimwinua Léonard juujuu, mzee akipiga kelele ashushwe.

Sasa Léonard ana mpango. Mchungaji wa kanisa lao Point amekubali kumwachia ua kila Jumamosi mchana, awafundishe waendesha pikipiki wanaopeleka chakula na vifurushi. Ameshapata ubao mweusi. "Mimi sikusoma," anasema, "lakini hiki nakijua, na nitakisema polepole."

Asubuhi hii, upepo wa magurudumu ukiwa sawa, Mama Estella anatoka ofisini na karatasi moja yenye mistari michache: pikipiki haziuzwi. Anaigonga mhuri, anaikunja, analamba ukingo wa bahasha na kuubana kwa kiganja.

"Nipe mimi, Mama," Jules anasema. "Nitafika Overport sasa hivi."

"Wewe utafika na moto imekauka," Mama Estella anamjibu. Anampa Léonard.

Léonard anaitia bahasha ndani ya koti, anafunga zipu hadi shingoni. Anawasha, anapandisha gia, na kabla hajafika getini sauti ya injini imekwisha shuka.